Nimemsoma Bibi Salme mpaka mwisho. Sasa nauliza: mama wa babu yangu ni nani?

Mwana wa Hawa:
Assalaam alaykum waungwana. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite kwa salama.

Mie natembeza wageni Mji Mkongwe, mwaka wa kumi na mbili huu. Makumbusho ya Kasri pale Forodhani nimeingia na kutoka mpaka mlinzi kachoka kunisalimia. Kila nikifika chumba cha Bibi Salme maneno yangu ni yale yale, nayatoa kama kasuku: binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, kazaliwa Mtoni 1844, kapendana na jirani yake, mfanyabiashara wa Kijerumani, kashika mimba, katoroka na manowari ya Kiingereza Agosti 1866, Aden kabatizwa akaitwa Emily na siku hiyo hiyo akaolewa, akenda zake Hamburg, 1870 mume kafa kwa ajali ya tramu, yeye kabaki na watoto watatu na baridi. Hapo wageni wa kike hutoa leso. Siku hiyo bakhshishi huwa ya maana.

Kitabu chenyewe sikuwahi kukifungua. Nichekeni. Mwezi uliopita mama mmoja mtu mzima, Mjerumani, kanisikiliza mpaka mwisho kisha kaniuliza, "Na mama yake?" Nikamwambia suria wa Sultani, Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukazi. "Jina lake?" Nikababaika. Akatoa kitabu mkobani, tafsiri ya Kiingereza ya kile kilichotoka Berlin 1886, akanipa. Akasema ukimaliza, mgeni mwengine umtajie.

Jina lake Jilfidan.

Nimekisoma usiku tatu, wa pili umeme hakuna nikamalizia kwa tochi ya simu. Yale mapenzi ninayoyauza mie kila siku, mwenyewe kayapitia kwa kurasa chache tu, kama mtu apitavyo mbele ya duka analodaiwa. Alipokaa akatulia ni kwenye nyumba ya Mtoni, vyakula, ugomvi wa wanawake, na mama yake. Kwao Jilfidan walikuwa na shamba, baba na mama na watoto watatu. Vita vikafika. Wazazi wakauliwa, watoto wakapakiwa juu ya farasi, wapanda farasi watatu, kila mmoja na mtoto wake. Kaka akapotelea upande wake. Mdogo wao, kitoto cha miaka mitatu hivi, kilishinda kutwa kinalia kinamtaka mama, Jilfidan anakisikia. Jioni wakatenganishwa nacho pia, na ndiyo basi, hakuwaona tena. Aliingia nyumba ya Sayyid akiwa na miaka saba au minane. Salme kajuaje umri? Kwa sababu jino la kwanza la utoto lilimng'oka mama yake humo humo nyumbani kwa bwana wake.

Hapo nilikifunga kitabu. Binti yangu ana miaka saba. Ana pengo mbele, wiki ile alikuwa katupa jino juu ya bati na kunidai shilingi mia tano.

Sasa hapa ndipo panaponikwama kooni. Mtu huyu huyu aliyeandika hivyo juu ya mama yake, mbele ana mlango mzima juu ya utumwa. Anasema Wazungu wanatia chumvi, kwamba watumwa wa Waarabu hali zao si mbaya hivyo, na kwamba Mwafrika bila ya kusimamiwa hafanyi kazi. Mwenyewe alikuwa na mashamba na watu wa kuyalima. Nimesoma mara mbili nikidhani Kiingereza changu ndicho kibovu. Jino la Jilfidan analo moyoni. Hao waliokuwa wakilima mashamba yake hawakung'oka meno?

Nauliza kwa sababu mie ni wa hao pia.

Babu kafa 1994, nina miaka kumi na tano. Tulimzika Pemba, shambani, pembezoni mwa mikarafuu. Udongo ushafukiwa, watu wamechutama, mwalimu kakaa kichwani asome talkini. Akamwinamia ami mkubwa, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mama yake nani?" Kwa asiyejua, kwenye talkini maiti haitwi kwa baba yake, huitwa kwa mama. Ami mkubwa akamtazama ami mdogo. Ami mdogo akalitazama jembe. Na hawa ni watu ambao ukiwauliza nasaba ya babu wanakupandisha majina tisa mpaka kijiji cha Oman bila ya kumeza mate. Shajara iko ukumbini kwenye fremu, wanaume watupu. Mwisho ami akasema, "Sema mwana wa Hawa." Mwalimu akasema hivyo, maana ndivyo wanavyofanya, asiyejulikana mama yake huungwa na mama wa watu wote.

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Nakumbuka iliniponyoka kidogo ikanirowesha viatu.

Babu, kwa hesabu ya wazee, kazaliwa 1907. Amri ya kufuta utumwa ya Aprili 1897 haikuwagusa masuria, wao waliachwa mpaka 1909. Pigeni hesabu wenyewe.

Basi ndiyo nauliza humu: nyumba zenu nyie, hao mama wako wapi?

Popobawa95:
Nimesoma yote nikiwa kwenye daladala ya Bububu, nimepitilizwa vituo viwili. Naja.

Bi Urojo:
Mwana wa Hawa, maharage yangu yameungua kwa ajili yako.

Kwetu hajapotea bibi, kapotea dada. Yupo hai, anaishi Arusha. 2009 kaolewa huko bomani na kijana wa Kilutheri, mtu mwema, hata mie nimeshamkubali. Baba alikuwa kakaa kiti chake ukumbini akapewa habari. Akasema, "Mie nina watoto wanne." Tulikuwa watano. Hakusema tena neno jengine, akaomba chai.

Mama kaihifadhi nambari yake kwenye simu kwa jina "Fundi Cherehani". Simu ikilia mama hutoa sauti kabisa, "Huyu fundi na nguo zangu, atanitia wazimu!" huyo jikoni, mlango unafungwa. Wanaongea nusu saa. Sasa mama miaka mitatu hajashonesha hata gauni moja, na baba hajauliza fundi gani huyu asiyemaliza nguo.

Nami nimekisoma hicho kitabu zamani. Paliponiliza ni aliporudi 1885, yumo ndani ya meli ya Wajerumani hapo bandarini, na kaka yake Sayyid Barghash, ndiye Sultani wakati ule, yuko kasrini pale pale, anaiona milingoti, na hataki kumuona. Huyu Barghash ndiye aliyefanya naye njama 1859 ya kumpindua kaka yao Sultani Majid, na barua za njama akiziandika Salme, kwa sababu alikuwa kajifunza kuandika kwa siri. Mkono ule ule. Mpaka leo nikiona "Fundi Cherehani" kwenye kioo cha simu namkumbuka.

Mtaa wa Pili:
Waalaykum salaam. Nitasema lisilopendwa.

Kwanza, Salme alitoka kwenye dini. Hili tusilifanye hadithi ya mapenzi ya kuwachekeshea watalii. Kwa zama zile na kwa nafasi ya Barghash, mlitaka afanye nini, amfungulie mlango na matarumbeta? Alikuja pamoja na meli za kivita za dola iliyokuwa inaitaka pwani yetu. Hilo nalo liwekwe mezani.

Pili, mleta uzi. Kusitiri si kudharau. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni muungwana kamili, anarithi sawa na wa mke, na mama yake hauziki tena na bwana akifa yuko huru. Sayyid Majid mama yake suria, Barghash mama yake suria Mhabeshi, na wote wawili wametawala. Sheria ilishamaliza. Waliobaki na ulimi ni watu wa mitaani, wa kumwita mtu "mtoto wa kijakazi" akigombea kiwanja. Ami zako walimsitiri baba yao. Mungu kasitiri, weye unafukua.

Bi Urojo, mama yako asiikate simu hiyo. Kuunga udugu ni wajibu hata kwa asiyekuwa Muislamu. Bibi Asma binti Abubakar aliambiwa na Mtume amuunge mama yake, naye mama alikuwa bado mshirikina. Na dada yako hajatoka kwenye dini kwa ulivyosema, kaolewa tu vibaya.

Bi Urojo:
"Kaolewa tu vibaya." Nitamfikishia.

Mwana wa Hawa:
Mtaa wa Pili, nimekusoma kwa heshima. Lakini sitara ya nani? Babu angekuwa hai ningekubali, aibu ya mtu aliye hai ina uzito. Pale alikuwa mwanandani. Kulikuwa na watu wa nyumbani tu, mwalimu na malaika. Tulikuwa tunamsitiri kwa nani?

Na hiyo sheria unayoisema ndiyo inayonisumbua zaidi. Mtoto kasafishwa, mama kabaki nyuma mlangoni. Kwa Salme angalau wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanakumbukana kina mama: anasema watoto wa Mahabeshi wakiwaita wao wa Wacherkesi "paka", kwa sababu ya wachache waliokuwa na macho ya buluu. Matusi, lakini mama yumo ndani ya tusi. Sie hata tusi hatukuachiwa.

Kengele ya Mbweni:
Naomba nafasi kidogo, mimi mtu mzima, naandika polepole.

Mimi ni Mkristo wa hapa hapa, Mwanglikana. Kila nikijitambulisha naulizwa, "Umetoka bara lini?" Wala sijui bara pa kwetu ni wapi. Mzee wetu alishushwa kwenye jahazi na Waingereza akiwa mtoto, akapelekwa Mbweni. Misheni ilinunua shamba lile 1871 wakawaweka watu waliokombolewa, wavulana wengine wakasoma Kiungani. Kanisa la Mkunazini watu wote mnalijua limesimama palipokuwa soko la watumwa. Yeye alibatizwa, akapewa jina la Mwingereza mmoja aliyechanga kwa ajili yake huko kwao, ndivyo tulivyoambiwa. Jina hilo la ukoo ninalo mpaka leo. Nikenda ofisini karani anakuwa anatafuta Mzungu nyuma yangu.

Kwa hiyo nilipomsoma Salme anabatizwa Aden na kuitwa Emily, wenzangu wengine huona kapotea au kaokoka. Mimi niliona jina tu. Kavishwa kama alivyovishwa mzee wetu, ila yeye alilitaka kwa sababu ya mume, na mzee wetu alikuwa na umri wa kung'oka meno, kama anavyosema mleta mada.

Wangu nao walikuwa wakificha. Bibi yangu alikataa katakata kwamba tumetokana na watumwa. "Sisi watu wa misheni," ndiyo kabila letu. Alikufa hivyo.

Popobawa95:
Nimerudi. Swali la kijinga: hili neno "waungwana" mnalosalimiana nalo humu kila siku, kinyume chake si ndiyo mtumwa? Yaani mtu anafungua uzi wa kumtafuta bibi yake mtumwa kwa kusema "assalaam alaykum msiokuwa watumwa".

Mwana wa Hawa:
Popobawa, umenishika pabaya. Naliacha hapo juu lilivyo, lisomwe.

Mzee wa Bumbwini:
Mtaa wa Pili ana haki nusu. Nyie vijana mnadhani watu walikuwa wanaficha kwa kiburi tu. Bibi yangu akihadithia wakati wa vita vya Hitler chakula kiligaiwa kwa kabila, mchele huku, sembe kule. Watu wa nyumba moja, baba mmoja mama mmoja, wakajiandikisha mahali tofauti. Kabila lilikuwa ni sufuria.

Halafu mapinduzi ya 1964. Ami yangu alisimamishwa njiani siku zile, rangi yake unavyoiona ni ya maji ya kunde na pua ndefu. Kaulizwa kabila. Hakusema jina la baba hata moja. Alimtaja bibi yake mzaa mama, Mnyamwezi, jina lake na jina la baba yake na kijiji, mbio mbio, kama anasoma aya. Wakamwachia. Kabla ya siku ile hatukuwahi kumsikia akimtaja. Na baada ya siku ile hakumtaja tena mpaka kufa.

Mie nilimuuliza mara moja nikiwa mkubwa. Akaniambia, "Yule alinisaidia siku moja, inatosha."

Mtaa wa Pili:
Mzee wa Bumbwini, Allah amrehemu. Hapo sina la kusema.

Popobawa95:
Ila kumbe jina alikuwa nalo, na la baba yake, na kijiji. Kalihifadhi miaka yote hiyo.

Mtu wa Wete:
Nakuja na vitendo, maneno mmemaliza. Mleta uzi, sie Pemba hili ni jambo la kawaida kuliko mnavyodhani huko mjini. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, ya huku ikasalimika kwa wingi, basi wenye mashamba wakahamishia macho Pemba. Mkarafuu hauchumwi na shajara, unachumwa na mikono. Soko la mjini limefungwa 1873 lakini majahazi yakiingia usiku kwenye hori za mikoko huku kwa miaka mingine. Nenda kamuulize mtu mzima wa kike. Usiwaulize ami. Wanawake ndio waliowaosha hao mabibi walipokufa, kwa hiyo wanajua majina.

Mwana wa Hawa:
Shangazi yangu wa mwisho yuko Pemba, ana miaka themanini na zaidi. Nimempigia jana baada ya Isha. Naandika hapa kabla sijasahau.

Nilianza kwa kuzunguka, afya, mvua, karafuu mwaka huu. Akanikatisha. "Umenipigia saa hii kuniuliza mvua?" Nikamuuliza. Kimya kirefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akalitaja jina. Hivi hivi, kama mtu anayekuambia kisu kiko wapi.

Sitaliandika humu, kwa sababu halijasomwa bado mbele ya watu wake. Ni jina la aina ile waliyokuwa wakipewa, jina la kitu cha dukani. Kwa hiyo hata hilo ni la bwana wake, la kwao silo. Nikamuuliza, ami walikuwa wanajua siku ile kaburini? Akasema, "Walilelewa mgongoni mwake."

Kasema alikuwa mfupi, mnene wa mikono, anakula mwisho. Alikuwa na kibaba kimoja cha kupimia karafuu, hampi mtu. Na akipima pishi alikuwa akihesabu kwa sauti ndogo kwa lugha yake. Lakini mpaka tano tu, kisha sita, saba, nane kwa Kiswahili. Watoto wakimcheka. Shangazi anakumbuka neno la mwisho tu, la tano, kwa sababu ndilo walilokuwa wakimuigiza: "msano".

Usiku mzima nalitamka peke yangu.

Mtu wa Tunduru:
Sikuwa nimepanga kuandika, mimi si wa Zanzibar, nasomaga tu nyuzi zenu. Lakini hiyo ni Kiyao. Msano ni tano, na nne ni mcheche. Na Kiyao cha asili hakina neno la sita. Ukifika tano unarudi unaanza kujumlisha, msano na moja, msano na mbili. Kwa hiyo huyo bibi hakuwa amesahau. Kahesabu akafika mwisho wa namba zenyewe, akaona Kiswahili ni kifupi zaidi.

Au alikuwa mdogo sana, kajua hizo tu. Hilo siwezi kukuambia.

Na nisikufiche. Wayao walikuwa wachukuzi na wafanyabiashara wakubwa wa njia ya Kilwa, pembe na watu. Inawezekana aliuzwa na mtu wa lugha yake mwenyewe. Bibi zetu hawapendi tuliseme hili, kila upande una fremu yake ukutani.

Bi Urojo:
Ya Rabbi. Nimesimama jikoni na mwiko mkononi.

Kengele ya Mbweni:
Mtu wa Tunduru, Mungu akubariki. Mzee wetu sisi aliacha wimbo mmoja tu wa kubembelezea watoto, hakuna anayejua maana yake. Nitautafuta nani anaukumbuka vizuri nikuandikie faraghani.

Mtaa wa Pili:
Mwana wa Hawa, sikubadilisha rai yangu yote. Lakini kama jina linajulikana, basi lile la Hawa halikuwa mahali pake, maana ruhusa ile ni ya asiyejulikana. Hitma ya babu yako huwa lini? Mtie kwenye majina. Kumuombea hakuhitaji idhini ya ami.

Mwana wa Hawa:
Jumamosi ijayo. Nakwenda na boti ya asubuhi.

(Siku tisa baadaye)

Mwana wa Hawa:
Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, simu yangu iliingia maji ya bahari, boti ilikuwa inarukaruka kama mbuzi.

Nilimwendea ami mkubwa mapema, kabla watu hawajafika. Nikamueleza kwa adabu zote nilizonazo. Yuko kitandani siku hizi, anasikia kwa sikio moja. Hakunijibu. Akaniambia nimwekee mto vizuri. Nikajua ndiyo jibu hilo, nikatoka nje nikasaidia kutandika mikeka.

Watu wamekuja, msahafu umegawiwa juzuu juzuu, tumesoma. Ikafika kutaja majina. Ami kaja, kashikwa mkono, kaketishwa karibu na mwalimu (huyu ni mwengine, kijana, yule wa 1994 kashafariki). Mwalimu ana karatasi ya kila mwaka, imeshalainika kama kitambaa kwa kukunjwa. Kasoma wanaume wote wale, kisha mabibi wawili watatu wa upande wa mke. Alipokuwa anakunja karatasi, pazia la upande wa wanawake likafunguka kidogo, akatoka mtoto, kitukuu cha shangazi, hata kofia hana. Kashika kipande cha daftari. Kaja moja kwa moja kwa mwalimu akampa, akasimama pale pale kusubiri kama ametumwa dukani anangojea chenji.

Mwalimu kakisoma kimoyomoyo. Kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mkono wa shangazi, unatetemeka. Jina moja tu, halina "binti". Akainua macho, naye hajui lolote masikini, akauliza kwa sauti ya kawaida, watu wote wanasikia, "Binti nani?"

Mie nilikuwa nimefungua mdomo, sijui nilitaka kusema nini. Ami mkubwa hakumtazama mtu. Alikuwa anaung'oa uzi wa mkeka. Akasema, "Binti Abdallah."

Mwalimu akasoma. Tukaitikia amina.

Baadaye kwenye wali nilikaa naye sinia moja. Akanichagulia mnofu akaniwekea mbele, hakusema kitu. Nami sikumuuliza.

Mtu wa Wete:
Binti Abdallah ndivyo walivyokuwa wakiandikwa wote ambao baba zao hawajulikani. Mja wa Mungu. Ami yako alikuwa nalo tayari hilo.

Bi Urojo:
Mtoto kasimama kungojea chenji! Nimelia na kucheka. Nimemsomea mama uzi wote jana, baba alikuwa ukumbini anajifanya anasikiliza taarifa ya habari. Nilipofika hapo kwenye Fundi Cherehani niliruka.

Popobawa95:
Uliruka nini na baba humu anaweza kuwemo. Mtaa wa Pili, weye si baba yake Bi Urojo kweli?

Mtaa wa Pili:
Sina binti Arusha.

Popobawa95:
Ndiyo anavyosema baba yake.

Haya mleta uzi, mambo yamekaa sawa. Sasa badilisha hilo jina lako humu, hufai tena kuitwa Mwana wa Hawa.

Mwana wa Hawa:
Bado. Aliyesomwa Jumamosi ni jina la dukani. La kwao, alilopewa na mama yake, sijalipata. Mtu wa Tunduru kaniambia kuna mzee kwao anayejua majina ya watoto wa kike ya zamani, atamrikodi anitumie. Nikiyapata nitampelekea shangazi ayasikilize moja moja, pengine kuna litakalomshitua.

Na kesho nina wageni sita, saa tatu, Kasri. Nitaanza na Jilfidan.